Kutu Inarudi Palepale: Kutafuta Chanzo Kwenye Bodi ya Gari la Spoti la Zamani, Nyumbani Mwanza

Datsun 240Z iliyopo kwangu Nyegezi ilikuwa imepakwa rangi mara tatu kabla sijaipata. Nililijua hilo nilipokwangua kona ya ubavu wa nyuma: juu nyekundu, chini yake nyeupe, chini yake kijani iliyopauka, na katikati ya rangi hizo puti (uji mzito wa kujazia mabonde ya bati) nene kama chapati. Kila aliyeipaka aliiacha inang'aa. Na kila mara kutu ilitokeza palepale, kiganja kimoja nyuma ya mlango.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliizunguka mara moja, akagonga kwa kidole, akasema, "Bosi, nipe siku nne. Tunapiga puti, tunapuliza, hutaitambua." Nilimshukuru, nikamwomba anipe muda. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anajibu swali nililomuuliza, yaani itang'aa lini. Swali nililopaswa kuuliza ni hili: maji yanaingilia wapi, na yanakwama wapi? Kutu unayoiona kwenye rangi ilianza upande wa pili wa bati, siku nyingi kabla. Ukishika grenda kabla hujalijibu swali hilo, utarudia kazi.

240Z zilitengenezwa Japani kuanzia 1969 hadi 1973, na huku kwetu jina lake lilijengwa na vumbi. Zilishinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1971, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani, na tena 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Injini yake ya silinda sita ni mvumilivu. Bati lake ni jembamba, na halina chesisi ya kujitegemea: sakafu, vizingiti vya milango na reli za chini ndivyo vinavyobeba kila kitu. Kwa hiyo kizingiti kilichooza ni suala la uhai wa aliyekaa ndani. Ukiwa na gari jingine la spoti la miaka hiyo, kama MGB, Celica au Capri, mambo ni yaleyale.

Nimeyapanga maelezo kwa dalili, maana mwenye gari huanza na kile anachokiona.

Rangi imeota malengelenge

Chukua pini, toboa lengelenge moja, kisha angalia kwa karibu ukiwa na tochi.

Ukitoka unga wa kahawia, kutu imekula bati kutoka ndani na sasa inasukuma rangi. Bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi, tena kwa nguvu. Usilionee huruma. Bati zima litakataa. Lililooza litatoboka, na ni afadhali litoboke leo mikononi mwako. Hapa hakuna dawa ya kupaka itakayosaidia. Ni kukata.

Yakitoka maji, na bati la chini likawa bado gumu, tatizo liko kwenye tabaka za rangi. Praima, yaani rangi ya msingi, ya kawaida hunyonya maji, na puti nayo hunyonya. Gari lililoachwa na praima peke yake nje kwa wiki mbili za masika, likaja kupakwa rangi jua lilipotoka, limefungiwa maji ndani. Nimeona magari mengi ya namna hii yamepangwa nje ya gereji, kijivu, yakisubiri mwenyewe apate pesa ya rangi. Hapo hakuna njia ya mkato: kwangua mpaka kwenye bati, lipate joto la jua likauke, halafu anza na praima ya epoksi, ambayo hufunga bati dhidi ya unyevu.

Lengelenge likiwa kavu na tupu, dogo kama kichwa cha pini, hiyo ni thina (kimiminika cha kuzimulia rangi) iliyonaswa. Rangi ilipigwa nzito au haraka, au ilipulizwa juu ya bati lenye moto wa jua la saa saba. Juu ikakauka kabla ya chini. Piga msasa, pumzisha, puliza upya kwa tabaka nyepesi.

Baada ya pini, tumia sumaku ndogo. Ifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze, uipitishe taratibu chini ya milango, kuzunguka matao ya tairi na kwenye ile kona ya nyuma ya mlango. Panapolegea pana puti nene. Weka alama kwa chaki. Nilipomaliza kwangu, upande wa kushoto ulikuwa na chaki kuliko rangi.

Ile kona ya nyuma ya mlango ina sababu yake. Tope linalorushwa na tairi la nyuma hujikusanya ndani, na maji yanayoteremka ndani ya ubavu hukutana nalo hapohapo. Tope likishalowa hukaa bichi kwa wiki kadhaa, huku nje gari ni kavu. Unaweza kubadilisha bati mara kumi. Tope likibaki, umeotesha kutu mpya. Nilitoa kopo la maziwa ya unga zima la udongo mweusi kutoka upande mmoja tu.

Je, ni hewa ya ziwa?

Majirani wengi huniambia hivyo. Maji ya Victoria ni matamu, hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo upepo wa Capri Point, ufukweni hapa Mwanza, hauli bati kama upepo wa Tanga. Kinacholiumiza gari hapa ni unyevu: umande wa alfajiri, mvua za vuli kuanzia Oktoba, masika kuanzia Machi, na kufunikwa turubai la plastiki lisilopitisha hewa, ambalo huugeuza umande kuwa mvuke wa kutwa nzima. Bora kibanda cha bati kilicho wazi pembeni kuliko turubai lililobana.

Ila uliza historia ya gari. Likiwa limekaa Dar es Salaam au Mombasa, au lilitoka sehemu za Japani ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, chumvi hiyo imejificha ndani ya vishimo vya kutu na inavuta unyevu hata Julai. Gari la namna hiyo, ukishakwangua, lioshe kwa maji safi mengi, likaushe, lioshe tena, ndipo ufikirie dawa ya kutu. Dawa zenye asidi ya fosforiki hufaa kwenye vishimo vya bati nene lililo zima. Fuata maelezo ya kopo, osha mabaki yote, kausha kabisa. Epoksi haishiki vizuri juu ya asidi iliyobaki.

Kapeti linanuka, sakafu ni mbichi

Hii ndiyo dalili ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoipuuza, kwa sababu haionekani barabarani.

Toa viti na kapeti. Kwangua ile lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni. Chini yake mara nyingi bati limekuwa kama biskuti. Halafu mwombe mtu akae ndani na tochi, wewe shika mpira wa maji nje. Anza chini, panda polepole: kwanza chini ya mlango, kisha raba ya mlango, kisha kioo cha mbele, mwisho kabisa tundu la hewa chini ya waipa. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Mimi nilikuwa na mtoto wa dada yangu ndani, akipiga kelele "Mjomba, hapa! Hapa!" huku mimi sijafika hata kwenye kioo. Raba ya mlango ilikuwa imekakamaa kama plastiki.

Kwenye 240Z lile tundu chini ya waipa lina njia za kutolea maji pembeni. Gari likilala chini ya mwembe, majani huziba njia hizo, maji hupanda, kisha humwagikia miguuni mwa abiria. Kisahani cha betri nacho kiko jirani: asidi ya betri iliyomwagika miaka 30 iliyopita hula bati la chini yake na kuendelea hadi kwenye reli. Inua betri, tazama.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo mwongozo wowote wa Ulaya hautakuambia: Mwanza ni mawe na miinuko. Wengi tunaegesha gari pua ikiwa juu kila usiku, mwaka hadi mwaka. Matundu ya kutolea maji ya vizingiti, milango na mahali pa tairi spea yalitobolewa kwa gari lililosimama sawa. Likiinama, maji hayafikii tundu. Hukusanyika nyuma na kulala hapo. Kwangu, nusu ya mbele ya kizingiti ilikuwa nzima na nusu ya nyuma ilikuwa imekwisha, pande zote mbili. Nilichimba udongo nikasawazisha mahali pa kulaza gari, siku moja ya jembe. Nadhani hiyo ndiyo kazi iliyolisaidia gari kuliko nyingine yoyote niliyoifanya.

Mlango umeshuka, haufungi vizuri

Usikimbilie bawaba. Fungua mlango, ushike mwishoni, uinue. Mlango ukicheza kwenye bawaba huku bodi imetulia, badilisha pini za bawaba. Mlango ukiinuka pamoja na nguzo, au ukiona uwazi wa nyuma ya mlango umebana juu na kupanuka chini, gari limeanza kukunjika katikati kwa sababu vizingiti vimeoza.

Hapa ndipo magari mengi mazuri yalipouawa na watu waliokuwa na nia njema. Ukikata kizingiti kilichooza bila kulishikilia gari kwanza, litainama kidogo, wewe utachomelea kizingiti kipya, na umelifunga likiwa limepinda. Mlango hautaingia tena maisha yako yote.

Chomelea kwa muda vipande vya bomba la pembe nne ndani ya uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na kimoja kutoka ubavu hadi ubavu. Weka stendi mahali gari linapobebea uzito wake, si katikati ya sakafu, na kamwe usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake au mawe. Pima mishazari ya uwazi wa mlango kwa futi, andika ukutani kwa chaki. Kata upande mmoja tu. Kabla hujachomelea moja kwa moja, shikiza kwa vidoti, funga mlango mara kumi, pima tena. Upande wa pili unasubiri mpaka wa kwanza umekamilika.

Bati jipya limetoboka au limepiga mawimbi

Likitoboka wakati wa kuchomelea, sababu ni mbili tu: moto mkubwa mno au bati bado bovu. Mashine ya vijiti iliyotengeneza geti lako haifai kwa bati la bodi. Tafuta mwenye mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya badala ya vijiti, waya wa milimita 0.6 au 0.8, na gesi. Kata bovu lote mpaka ufike bati linalong'aa, kisha ongeza sentimita mbili au tatu, maana ukingo unaoonekana mzima mara nyingi umeliwa upande wa nyuma.

Likipiga mawimbi, ulichomelea mstari mrefu bila kupumzika. Piga kidoti kimoja, nenda upande mwingine kabisa, piga kingine. Gusa kwa kiganja; kama huwezi kuacha mkono hapo, ngoja. Kiraka cha ukubwa wa daftari kilinichukua asubuhi nzima, na siioni kama ilikuwa asubuhi ya bure. Usipoze kwa kumwagia maji.

Bati la kutumia ni shiti jeusi lisilopakwa zinki, geji 20 kwa nje, 18 kwa sakafu na vizingiti. Nyakato, hapa Mwanza, utalipata. Geji 20 ni kama milimita 0.9. Bati la kuezekea nyumba, analolitumia fundi mwenye haraka, ni jembamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa, kutetemeka na kifua kubana usiku ule. Maziwa hayazuii hilo, ingawa tumefundishana hivyo kwa miaka mingi. Hewa safi na kukwangua zinki kabla ya kuchoma ndiyo kinga.

Kabla ya cheche yoyote: toa betri, toa tenki la mafuta na ulipeleke mbali. Tenki tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Toa kapeti, sponji na raba zilizo karibu. Weka ndoo ya mchanga na mtu wa kuangalia upande wa pili wa bati. Kama gari lilipakwa oili chafu chini, kama wengi wafanyavyo kuzuia kutu, ioshe yote kwanza. Oili hiyo huwaka, huharibu kiungo, inadhuru ngozi, na rangi haishiki juu yake.

Bati safi limegeuka rangi ya chungwa asubuhi

Umande. Umeliacha wazi usiku. Piga msasa tena, futa kwa kiondoa mafuta, na siku hiyohiyo weka epoksi. Mimi sasa sikwangui eneo kubwa kuliko ninaloweza kulifunika kabla ya jua kuzama. Na ukishakwangua, usilishike kwa mikono mitupu. Jasho lina chumvi, na alama za vidole hutokeza kama kutu chini ya rangi.

Puti imepasuka, au duara la njano limetokeza juu ya rangi

Puti iliyopasuka ilibeba kazi ya bati. Imewekwa nene, au juu ya tundu lililozibwa kwa wavu au magazeti, jambo nililolikuta kwangu (gazeti lilikuwa bado linasomeka). Rudisha bonde kwa nyundo na kipande cha chuma kizito upande wa pili mpaka kiganja kiteleze bila kukwama. Puti iwe ya kulainisha tu, si zaidi ya milimita 3.

Duara la njano au kahawia ni hadina, yaani dawa ya kukausha puti, iliyozidi. Gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti zinatosha. Fundi mwenye haraka huongeza ili ikauke mara moja. Dawa inayobaki hupanda na kuchafua rangi wiki kadhaa baadaye. Hakuna kupaka juu yake ikapotea. Toa puti yote.

Rangi haitulii

Macho ya samaki, yaani vidoti vya mviringo ambako rangi inakimbia, ni mafuta au silikoni. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi ndiyo mchawi mkubwa. Isikaribie mahali pa kupulizia. Ukipulizia uani, jikoni kukikaangwa sato upande upepo unakotoka, utapata majibu hayohayo. Futa kwa vitambaa viwili: kimoja chenye kiondoa mafuta, kingine kikavu kinachofuata papo hapo kabla hakijakauka.

Ukungu mweupe juu ya rangi ya selulosi, ile inayochanganywa na thina tu, ni unyevu wa hewa ulioganda wakati thina inaruka. Acha kupulizia siku ya mawingu mazito, au tumia thina inayokauka polepole. Matone madogo yanayoruka na rangi yanatoka kwenye kompresa: fungua koki ya chini ya tangi kila saa, funga kichujio cha maji, na tumia mpira mrefu ili hewa ipoe kabla ya kufika kwenye bunduki ya kupulizia rangi.

Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka kama moshi juu ya maji na kuja na upepo hadi kwenye taa za nyumba, hasa siku chache baada ya mwezi kuandama. Walinimalizia boneti moja. Sasa napulizia Juni hadi Agosti, kuanzia umande ukikauka hadi kabla upepo wa ziwani haujashika kasi mchana, nimemwagia maji ardhi kutuliza vumbi, nimening'iniza vyandarua vya zamani pande zote, na sina taa inayowaka.

Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, ina aisosayaneti, sumu inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haisaidii kitu. Inahitaji kifaa cha kupumulia hewa safi inayoletwa kwa mpira. Kama huna, peleka sehemu hiyo kwa mwenye chumba cha rangi na vifaa. Mimi nilifanya bodi yote nyumbani, na rangi ya mwisho nikailipia.

Umemaliza, na miezi sita baadaye mstari wa kahawia unatoka kwenye maungio

Nje ulifunga, ndani uliacha wazi. Moto wa kuchomelea uliunguza kila kinga iliyokuwa ndani ya kizingiti, na bati tupu limebaki gizani likipumua unyevu. Osha mstari huo, subiri siku kavu mfululizo, ingiza mrija mwembamba kupitia matundu ya kutolea maji, upulizie nta ya ndani mpaka ichuruzike kwenye kila tundu. Baada ya hapo zibua matundu yenyewe kwa waya, maana nta nayo huziba. Maungio ya chini, tumia gundi ya kuziba ya mafundi bodi juu ya epoksi, si silikoni ya madirisha.

Mwezi Septemba, kabla ya vuli, mimi hulala chini ya gari na kipande cha waya wa baiskeli: matundu manne kila kizingiti, mawili kila mlango, moja kwenye spea, na njia mbili chini ya waipa. Mvua ya kwanza ikipiga, natoka na tochi. Nataka kuyaona maji yakitoka kila mahali yanapopaswa kutokea. Mwaka jana tundu moja, nyuma kushoto, lilikuwa kavu. Nilikuta jani la mwembe.